Kidonda cha Kulalia: Habari za Jina Lake na Asili Yake

Yako maradhi ambayo mtu huyapata kwa mbu, na mengine kwa maji machafu, na mengine kwa kuambukizwa na mwenziwe. Lakini kiko kidonda kimoja ambacho mtu hukipata kwa kulala tu. Akilala mgonjwa siku nyingi pasipo kujigeuza, wala asiwepo wa kumgeuza, ngozi ya mahali palipolaliwa hubadilika, kisha huchubuka, kisha hufa, na nyama iliyo chini yake huoza hata mfupa ukaonekana. Wengine hukiita kidonda cha kulalia, wengine kidonda cha kitandani. Na wauguzi waliosomea kazi yao husema kidonda cha mgandamizo. Jambo hili si geni kwa waalimu na mapadre waendao kuwatazama wagonjwa majumbani. Wamekwisha kuingia chumba kilichofukizwa udi, na chini ya harufu ya udi wakaisikia harufu nyingine, wala pasiwe na mtu wa kuitaja.

Katika makala hii twataka kueleza habari za kidonda hiki tangu zamani, na hasa swali moja ambalo limekifuata katika kila zama: je, kidonda hiki ni cha nani? Ni cha ugonjwa wenyewe, au ni cha mikono imtunzayo mgonjwa? Swali hili limejibiwa, likasahauliwa, likajibiwa tena. Na kila jibu liliposahauliwa, watu walikufa.

Juu ya jina

Waganga wa Ulaya walikiita kwa Kilatini decubitus, neno litokalo katika kitendo cha kulala chini. Maana yake basi ni kulala tu, wala neno lenyewe halitaji kidonda. Waingereza walikiita kidonda cha kitanda, kana kwamba kosa ni la kitanda. Baadaye, ilipozidi kufahamika kwamba mtu aketiye kitini mchana kutwa aweza kukipata vilevile, wakaacha kutaja kitanda, wakataja mgandamizo. Na mwaka wa 2016 baraza la wataalamu wa Marekani washughulikao na jambo hili wakabadili jina tena: wakaliacha neno la kidonda, wakashika neno lenye maana ya jeraha, kwa sababu nyama yaweza kuwa imekwisha kuumia chini ilhali ngozi ya juu ingali nzima.

Msemaji wa Kiswahili huifahamu upesi tofauti hiyo. Kwetu kidonda ni kitu kilichomo mwilini mwa mtu, kitoacho usaha na kukawia kupona. Bali jeraha ni alama ya kitu kilichompata mtu kutoka nje, kama vile panga, au mwiba, au risasi. Mwenye kidonda huulizwa, "Hakijapona?" Mwenye jeraha huulizwa, "Umepatwa na nini?" Yafaa swali hili la pili liulizwe kwa mgonjwa aliyelala.

Tena liko neno jingine katika lugha yetu listahililo kufikiriwa, nalo ni kuuguza. Kwa umbo lake ni neno la kusababisha, lililotoka katika kuugua, kama vile kupunguza kulivyotoka katika kupungua. Mgeni ajifunzaye lugha, akiisha kufundishwa kanuni hiyo, hudhani kwamba kuuguza ni kumtia mtu ugonjwa, na kwamba mwuguzi ni mtu wa kuogopwa. Wenyeji humcheka, maana wajua kwamba kuuguza ni kumtunza mgonjwa mpaka apone au afe. Lakini katika habari za kidonda cha kulalia, kosa la mgeni lina ukweli ndani yake. Mkono ule ule utunzao waweza, kwa kukawia tu, kuleta ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Jinsi kinavyotokea

Nyama ya mwili huishi kwa damu, nayo damu huifikia kwa mishipa myembamba kuliko unywele. Mtu alalapo, uzito wake wote huzikalia sehemu chache ambapo mfupa u karibu na ngozi: mwisho wa mgongo, nyonga, visigino, viwiko, mabega na kisogo, na aketipo, hukalia mifupa miwili ya makalio. Hapo nyama hubanwa kati ya mfupa na kitanda, na ile mishipa myembamba hufungika kama mpira wa maji uliokanyagwa. Nyama iliyokosa damu hulia kwa maumivu, na mtu mwenye afya hujigeuza kwa maumivu hayo hata katika usingizi wake, mara nyingi kwa usiku mmoja, wala asubuhi hakumbuki.

Lakini aliyeumia uti wa mgongo hasikii maumivu hayo. Aliyezimia hasikii. Mzee aliyedhoofika husikia, lakini hana nguvu za kujigeuza. Basi saa zapita, na nyama iliyobanwa yafa. Mambo mengine husaidia uharibifu huu: mkojo na jasho hulainisha ngozi hata ikawa rahisi kuchubuka, kumburuta mgonjwa juu ya shuka huivuta ngozi upande mmoja na mfupa upande mwingine, na mishipa iliyo katikati hupindwa na kukatika, na chakula kidogo humnyima mwili kitu cha kujijengea. Jambo lidanganyalo zaidi ya yote ni kwamba nyama iliyo karibu na mfupa yaweza kufa kabla ya ngozi. Kwa hiyo kidonda kinachoonekana kwa nje kama sarafu huweza kuwa na shimo la kutosha ngumi kwa ndani. Vijidudu wakiingia humo hufika mfupani na damuni, na mgonjwa aliyelazwa kwa kuvunjika mguu hufa, si kwa mguu, bali kwa kidonda.

Habari za kale

Kwamba kidonda hiki ni cha zamani sana twajua kwa ushuhuda wa wafu. Katika maiti zilizohifadhiwa na Wamisri wa kale imo ya kuhani wa kike wa mungu Amun, wa wakati wa ukoo wa 21 wa wafalme wa Misri, yapata miaka 1000 kabla ya Kristo. Tabibu mmoja aliyeandika habari zake mwaka wa 1961 alieleza kwamba mwili wake ulikuwa na vidonda vya kulalia makalioni na mabegani, na kwamba wale waliomhifadhi waliviziba kwa vipande vya ngozi laini ya mnyama, yasemekana paa. Wamisri waliamini kwamba mwili hauna budi kuingia ahera ukiwa mzima. Kwa hiyo mwanamke huyu alitiwa kiraka baada ya kufa kwa uangalifu mkubwa. Hata katika nyumba ya mtu mwenye cheo, mgonjwa alilala mpaka akaoza.

Habari iliyo wazi zaidi ni ya Ambroise Paré, mpasuaji Mfaransa aliyeishi tangu 1510 hata 1590. Mwaka wa 1569 mfalme wa Ufaransa alimtuma karibu na mji wa Mons kumtibu bwana mmoja kijana wa nyumba kubwa, aliyepigwa risasi mguuni na kulala kitandani miezi saba. Paré alimkuta ana homa kali, macho yameingia ndani, jeraha la mguu lavuja usaha. Tena chini ya mgongo ana kidonda kingine chenye ukubwa wa kiganja, kilichomnyima usingizi na raha yote. Alionekana kama mtu aliyekwisha kuhesabiwa na wafu, na matandiko yake hayakuwa yamebadilishwa kwa muda mrefu, kwa kuwa kila alipoguswa alipiga kelele za maumivu, na watumishi wakamhurumia wakamwacha.

Yafaa tuangalie neno hili, kwa kuwa latokea hata leo. Bwana huyu hakuachwa kwa kuchukiwa, bali kwa kuhurumiwa. Paré hakufuata huruma ya namna hiyo. Aliamuru kitanda cha pili kitandikwe karibu na cha kwanza, chenye shuka safi na laini, akamhamisha mgonjwa. Akaweka mto mdogo wa manyoya ya ndege ili mahali penye kidonda pasiguse kitanda. Akampa mayai na mchuzi wa nyama. Na ili alale usingizi, akatengeneza namna ya mvua, maji yakidondoka toka juu yakianguka chomboni. Muda si mrefu mgonjwa akaanza kupata nguvu, akachukuliwa kitini mpaka bustanini na langoni kuwatazama wapita njia. Paré aliandika habari hizi mwenyewe, na kitabu chake kilipigwa chapa mwaka wa 1585. Kwa hiyo tangu karne ya 16 ilikuwa imekwisha kuandikwa kwamba kidonda hiki huponywa kwa kuondoa uzito, kwa usafi, kwa chakula na kwa usingizi.

Wanavyuoni wawili wabishana

Miaka karibu 300 baadaye ubishi ukatokea. Upande mmoja alikuwa Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Port Louis katika kisiwa cha Morisi, katika bahari yetu hii ya Hindi, mwaka wa 1817. Mwaka wa 1853 alieleza jinsi alivyokata uti wa mgongo wa wanyama wadogo na njiwa, wakapooza. Wale alioangalia wasilaliwe mahali pamoja muda mrefu, wala wasikae katika mkojo na mavi, hawakupata vidonda. Maana yake ni kwamba kupooza peke yake hakuozeshi ngozi. Kinachoozesha ni uzito na uchafu, ambavyo aliyepooza hawezi kuviepuka kwa nguvu zake mwenyewe.

Upande wa pili alikuwa Jean-Martin Charcot, aliyeishi tangu 1825 hata 1893, tabibu mkuu wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ambayo ilikuwa na maelfu ya wanawake wazee na walemavu. Charcot alikuwa mwangalizi hodari sana. Aliona kwamba mtu akipatwa na kiharusi kikali, au akivunjika uti wa mgongo, kidonda huweza kutokea katika siku chache, na mara nyingi mgonjwa hufa. Akakiita kwa Kilatini kwa jina lenye maana ya kidonda cha ndege mbaya. Aliyoyaona yalikuwa kweli. Lakini alifasiri kwamba ugonjwa wa ubongo au uti wa mgongo wenyewe huitupia ngozi uharibifu kwa njia ya mishipa ya fahamu, na kwamba mgandamizo ni jambo dogo tu.

Mtu aweza kudhani huu ni ubishi wa wenye elimu, usiomhusu mgonjwa. Sivyo. Ikiwa kidonda ni ndege mbaya, basi mwuguzi akionapo ngozi inabadilika hutikisa kichwa na kungojea kifo. Ikiwa kidonda ni uzito, hana budi kumgeuza mgonjwa sasa hivi. Jina la Charcot lilikuwa kubwa, na fasiri yake iliaminiwa na wengi kwa miaka mingi, kwa madhara ya watu waliopooza. Hata hivyo hawakukosekana waliosema vingine. James Paget, mpasuaji wa London, katika mafundisho yake ya mwaka wa 1873 alieleza kwamba kidonda hiki ni kufa kwa nyama kwa sababu ya mgandamizo.

Naye Florence Nightingale, aliyewahudumia askari wa Uingereza huko Scutari katika vita vya Crimea tangu mwaka wa 1854, alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka wa 1859. Alisema kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kitandani, kwa kawaida kosa si la ugonjwa bali ni la uuguzi. Neno hili lilikuwa zito, nalo lilifanya kazi njema, maana liliutoa mgongo wa mgonjwa katika mikono ya ndege mbaya, likautia katika mikono ya wanadamu. Lakini lilikuwa na upande wa pili, nasi tutaurudia.

Vita na hospitali ya Stoke Mandeville

Katika vita vya 1914 mpaka 1918 askari walioumia uti wa mgongo hawakuwa na matumaini. Wengi wao walikufa kwa sumu ya vidonda na ya mkojo, baada ya majuma au miezi michache. Waliwekwa katika vyumba vya pembeni, wakapewa dawa ya kutuliza maumivu, wakangojewa.

Aliyebadili mambo haya kwa Uingereza alikuwa Ludwig Guttmann, tabibu Myahudi aliyezaliwa Ujerumani mwaka wa 1899, akawakimbia Wanazi mwaka wa 1939. Tarehe 1 Februari 1944 alifungua idara ya walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na Aylesbury. Aliwaondolea wagonjwa magamba mazito ya plasta waliyofungwa. Akaagiza kila mmoja ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, tena ainuliwe na watu kadhaa pamoja, asiburutwe. Usiku wa manane yeye mwenyewe alizunguka wodini kuona kama amri yake yatimizwa. Hakuwa na dawa mpya ya ngozi. Alikuwa na saa ya ukutani na watu wa kuitii. Penisilini na dawa nyingine za kuua vijidudu zilisaidia, lakini dawa haiwezi kuifikia nyama ambayo damu haiifikii.

Watu waliohesabiwa kuwa wafu wakaishi. Tena walipoishi walihitaji kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile iliyofunguliwa Olimpiki ya London, askari 16 waliopooza, wanaume na wanawake, walishindana kupiga mishale katika uwanja wa hospitali hiyo. Mashindano hayo yakakua, mwaka wa 1960 yakafanywa Roma, nayo ndiyo yaitwayo leo Paralimpiki. Mwaka wa 1972, yalipofanywa Heidelberg, Kenya ilituma wachezaji wake kwa mara ya kwanza. Watu hushangilia mbio na mikuki, nao hufanya vema. Lakini chanzo cha shangwe ile ni mtumishi wa zamu ya usiku aliyemgeuza mwenziwe saa nane, akamgeuza tena saa kumi.

Elimu ya siku hizi

Baada ya hapo wenye elimu walipima yale ambayo Paré aliyajua kwa macho. Mwaka wa 1930 Eugene Landis alikuwa amekwisha kupima nguvu ya damu katika mishipa myembamba ya kidole, akapata kadiri ya milimita 32 za zebaki mwanzoni mwake. Nguvu ndogo, inayoshindwa kwa urahisi na uzito wa mwili. Michael Kosiak wa Marekani, katika maandishi yake ya 1959 na 1961, alionyesha kwa wanyama kwamba uzito mdogo uliodumu muda mrefu huharibu nyama kama uzito mkubwa wa muda mfupi. Tena kwamba uzito ukiondolewa mara kwa mara, madhara hupungua sana. Mwaka wa 1962 Doreen Norton, mwuguzi Mwingereza, pamoja na wenzake, alitoa njia ya kumpima mzee kabla kidonda hakijatokea, kwa mambo matano: afya ya mwili, akili, kutembea, kujigeuza, na kuweza kuuzuia mkojo na choo. Mwaka wa 1987 Barbara Braden na Nancy Bergstrom wa Marekani wakatoa njia nyingine ya mambo sita, wakihesabu pia chakula na kuburutwa.

Elimu hii imebatilisha desturi kadhaa zilizofundishwa zamani hata katika hospitali. Ilikuwa kawaida kuusugua mgongo wa mgonjwa kwa spiriti. Sasa twajua kwamba kusugua kwa nguvu ngozi iliyokwisha kudhurika huzidi kuichana kwa ndani. Ilikuwa kawaida pia kumkalisha juu ya mto wa duara wenye tundu katikati, mfano wa kata ya kubebea mtungi. Sasa twajua kwamba ukingo wa mto huo hubana damu pande zote, na nyama iliyo katikati hufa njaa. Wala zile saa mbili za Guttmann si sheria isiyobadilika: mwenye godoro zuri aweza kungojea zaidi, na aliyedhoofika sana huhitaji kugeuzwa mapema. Anayeamua ni ngozi yenyewe, nayo haina budi kutazamwa kila ageuzwapo mgonjwa.

Neno "wekundu"

Hapa waalimu wa lugha wana kazi. Vitabu vingi vya uuguzi vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, navyo husema kwamba dalili ya kwanza ya kidonda hiki ni ngozi kuwa nyekundu, na ukiibonyeza kwa kidole wekundu hauondoki. Mfasiri huandika "wekundu", mwanafunzi hukariri "wekundu", na kwa mtihani hupata alama zake. Kisha huenda kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi, hutazama mgongo wake, haoni wekundu wo wote, husema, "Ngozi ni nzima." Siku chache baadaye ngozi yafunguka.

Katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Dalili za kutafutwa ni nyingine: mahali pamekuwa peusi zaidi, au pana rangi ya zambarau, au pameng'aa, tena mkono ukiwekwa hapo husikia joto kuliko ngozi ya jirani, au baridi, nyama imekuwa ngumu, au imelegea kama tunda lililoiva kupita kiasi, na mgonjwa, kama asikia, husema paniuma. Kwa hiyo afadhali tufundishe watu kutazama na kugusa pia, na kufananisha upande mmoja na wa pili. Kufasiri si kubadilishana maneno tu. Mfasiri aliyeuacha mwili wa msomaji wake akashika mwili wa mwandishi amefasiri vibaya, hata kama kila neno lake lapatikana katika kamusi.

Juu ya lawama, na juu ya kumjulia mgonjwa hali

Sasa turudie hukumu ya Nightingale. Ni kweli kwamba vidonda vingi vya namna hii vingezuiwa. Lakini wenye elimu wa leo wakubali kwamba viko vingine ambavyo hutokea hata palipofanywa yote yapasayo, hasa kwa mtu aliye karibu na kufa, ambaye ngozi yake hushindwa kama viungo vingine vinavyoshindwa. Si haki basi kumwona mwenye kidonda na mara moja kumhukumu mke wake au binti yake.

Tena lawama ina madhara yake. Mwenye kulaumiwa huficha. Hufunika shuka, hufukiza udi, huwaambia wageni kwamba mgonjwa amelala. Na kidonda kilichokuwa cha sarafu huwa cha kiganja. Wahenga walisema, Mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapa aumbuliwaye si yeye aliyeficha.

Na tufanye hesabu. Mgonjwa akigeuzwa kila baada ya saa mbili, hugeuzwa mara 12 kwa siku moja, mara 84 kwa juma moja. Guttmann hakumwachia mtu mmoja kazi hii. Alikuwa na zamu za watu. Majumbani mwetu kijana aliyeanguka mnazini au pikipikini, akavunjika uti wa mgongo, hurudishwa kutoka hospitali akaachiwa mama yake peke yake, naye ana shamba, ana maji ya kuteka, ana watoto wengine. Mama huyu akilala usingizi saa tano za usiku, kidonda kimepata nafasi. Je, hapo aliyemtelekeza mgonjwa ni nani? Ni mama aliyesinzia, au ni sisi sote tuliokuja mchana, tukaketi mkekani, tukasema pole, tukaenda zetu?

Desturi yetu ya kumjulia mgonjwa hali ni desturi njema, na neno lenyewe lina maana kubwa kuliko tunavyolitumia. Kujua hali ya mtu si kusikia tu kutoka mlangoni kwamba hajambo kidogo. Hali ya aliyelala i mgongoni mwake na visiginoni mwake. Mgeni aliye jamaa, au wa jinsi moja na mgonjwa, kwa ruhusa yake na kwa kulinda heshima yake, aweza kumsaidia mama kumwinua kwa shuka, watu wawili, bila kumburuta; kumlaza ubavu kidogo, na mto nyuma yake; kuweka mto chini ya miguu ili visigino visiguse kitanda; kuutazama mgongo na kuugusa; kubadili nguo iliyolowa; na kuacha mayai, au samaki, au maharagwe. Ikiwa ngozi imekwisha kufunguka, au pana harufu au homa, hana budi kuwashauri wenye nyumba wamwite mwuguzi au tabibu siku hiyo hiyo, tena bila maneno ya kuwaaibisha. Na imenenwa, Mgonjwa haulizwi uji. Aliyelala asingojewe aombe kugeuzwa, maana pengine nyama yake imekwisha kunyamaza.

Mwalimu akitaka, aweza kuandika zamu za jirani kama aandikavyo zamu za kufagia darasa: fulani alfajiri, fulani adhuhuri, fulani baada ya chakula cha usiku. Watu sita wakishika mara mbili kila mmoja, zile mara 12 zimekwisha, na mama amelala.